Zana ya Hisabati huanzia kwenye kosa la mtoto

Swali: Ninafundisha Hisabati Darasa la Tano katika shule ya msingi ya serikali mkoani Morogoro. Mkondo wangu una wanafunzi 84. Wapo wasioweza kutoa kwa kukopa, na wapo wanaomaliza zoezi kabla sijamaliza kuliandika ubaoni. Ninacho kishikwambi nilichogawiwa baada ya Sensa ya mwaka 2022. Shule ina kompyuta mpakato moja, projekta na printa, na umeme upo ingawa hukatika. Ninataka kutengeneza zana za kidijitali zitakazomfikia kila mtoto mahali alipo. Kuna kijana mtaalamu wa kompyuta ambaye yuko tayari kututengenezea programu ya simu kwa malipo. Nianzie wapi?

Jibu:

Ndugu Mwalimu,

Nakushukuru kwa kunieleza darasa lako lilivyo, kwa maana wengi huniuliza wanunue programu ipi bila kunitajia hata idadi ya watoto. Nianze na jambo uliloliweka mwisho: kijana huyo msimlipe kwanza. Sina shaka na ujuzi wake, ila kwa sasa hamna cha kumkabidhi. Anaweza kuwatengenezea vitufe, rangi, na sauti ya makofi mtoto anapopata. Lakini kwamba mtoto aliyeandika 33 na mwenzake aliyeandika 37 wamekosa hesabu ileile ya 54 − 27 kwa sababu mbili zisizofanana, hilo hawezi kulijua asipoambiwa na mtu anayesahihisha madaftari. Zana unayoitafuta imo humo katika kusahihisha kwako, na sehemu kubwa ya jibu langu itahusu namna ya kuitoa humo na kuiweka mahali ambapo kompyuta inaweza kuifanyia kazi.

Kwanza nieleze kwa nini kiwango cha mtoto kina uzito kuliko kifaa. Magharibi mwa Kenya, katika miaka ya 1990, watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walizifuatilia shule zilizopewa vitabu vya kiada bila malipo, wakakuta kwamba alama za wastani hazikupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa mbele tangu awali, kwa kuwa vitabu viliandikwa kwa Kiingereza na kwa kiwango ambacho wengine hawakuwa wamekifikia. Mwaka 2005, katika eneo hilohilo, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer walichukua shule 121 zilizoongezewa mwalimu wa darasa la kwanza: katika shule 61 watoto waligawanywa mikondo miwili kwa kufuata alama zao, na katika shule 60 waligawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya miezi 18, watoto wa mkondo wa juu na wa mkondo wa chini, wote wawili, walikuwa mbele ya wenzao wa shule zilizochanganya. Mwalimu wa pili wewe huna, na hapo ndipo kompyuta inapoingia. Huko Delhi, programu ya Mindspark, inayompa kila mtoto maswali kwa kadiri ya majibu yake yaliyotangulia, ilichunguzwa na Karthik Muralidharan, Abhijeet Singh na Alejandro Ganimian katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019. Katika miezi minne na nusu watoto waliopata nafasi walipiga hatua ya Hisabati takribani mara mbili ya wenzao. Uchunguzi huo ulionyesha pia kwamba mtoto wa kawaida wa darasa la sita pale alikuwa nyuma ya mtaala kwa takribani madarasa mawili na nusu, jambo ambalo nadhani halitakushangaza.

Karibu zaidi na kwetu, kati ya mwaka 2017 na 2019, mashindano ya Global Learning XPRIZE yalipeleka vishikwambi na vituo vya kuchaji kwa nguvu ya jua katika vijiji takribani 170 vya Mkoa wa Tanga, kwa watoto karibu 3,000 ambao wengi wao hawakuwa wakienda shule. Washindi, onebillion na Kitkit School, waligawana dola milioni 10, na programu za timu zote tano zilizofika fainali ziliachwa wazi kwa yeyote, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ikiwa katika mkondo wako wapo wasiojua kabisa kuhesabu vitu na kuandika namba, programu hizo zinastahili kujaribiwa nao. Lakini zilitengenezwa kwa ajili ya mtoto anayeanza, kwa hiyo mtoto aliyekwama kwenye desimali hatapata humo msaada, na mtoto huyo ndiye anayelijaza darasa lako.

Tuje sasa kwenye madaftari. Chukua hesabu ya 52 − 27. Mtoto akiandika 35, amefikiri nini? Huenda ameona 2 haitoshi kutoa 7, akageuza na kutoa 2 katika 7, akapata 5, kisha 5 toa 2 akapata 3. Huenda pia amekopa vizuri, akatoa 7 katika 12 akapata 5, kisha akasahau kwamba amekopa na kuyaacha makumi yakiwa 5. Watoto wawili, kanuni mbili zilizoharibika, jibu moja: 35. Ukiwaweka pamoja na kuwafundisha kukopa upya, wa pili utampotezea muda, maana kukopa anakujua. Anachokosa ni kuliandika deni. Badilisha namba ziwe 54 − 27, na hapo hapo wanaachana: anayegeuza ataandika 33, anayesahau deni ataandika 37, na aliyeelewa ataandika 27. Ukichunguza utaona kwamba makosa hayo mawili hutoa jibu moja pale tu tofauti ya tarakimu za mamoja inapokuwa 5, kwa hiyo swali lenye tofauti hiyo litupwe, hata kama limo katika kitabu. John Seely Brown na Richard Burton walionyesha tangu mwaka 1978 kwamba makosa mengi ya kutoa hayatokani na uzembe. Mtoto anafuata kanuni kwa uaminifu mkubwa, ila kanuni yenyewe ina kasoro, na kompyuta ikipewa kanuni hiyo inaweza kutabiri jibu atakaloandika. Kwangu mimi hilo ndilo jambo la maana kuliko yote katika fani hii, na limepita zaidi ya miaka 40 bila kuingia ipasavyo katika mazoezi tunayowapa watoto.

Desimali zina mtego unaofanana na huo. Swali linaloulizwa sana ni hili: kati ya 0.6, 0.45 na 0.125, ipi ni kubwa zaidi? Anayesoma tarakimu zilizo baada ya nukta kana kwamba ni namba nzima atachagua 0.125, kwa kuwa 125 inaipita 45 na 6. Wengine lakini wamejijengea imani ya kinyume, kwamba desimali fupi ndiyo kubwa, labda kwa sababu walisikia kwamba sehemu za kumi ni kubwa kuliko sehemu za mia wakaishia hapo. Hao watachagua 0.6, nawe utawapa vema, na kosa lao litasafiri salama mpaka Kidato cha Kwanza. Ukiuliza kwa 0.3, 0.45 na 0.128, kila fikra inapata jibu lake: 0.128 ni la anayesoma namba nzima, 0.3 ni la anayeamini ufupi, na 0.45 ni la aliyeelewa. Ni kosa la ulimi wetu pia. Tukisoma darasani “sifuri nukta mia moja ishirini na nane” tunamfundisha mtoto kwa sauti kosa lile tutakalomkata alama; yafaa kusema “sifuri nukta moja mbili nane”, na ukirekodi sauti kwa ajili ya zana yako, hakikisha msomaji anasoma hivyo.

Hata MAGAZIJUTO yetu (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), pamoja na msaada wake wote, ina ufa. Kwa kuwa JU imetangulia TO, wapo wanaoamini kwamba kujumlisha sharti kutangulie kutoa, na katika 10 − 3 + 2 hujumlisha 3 na 2 kwanza, wakapata 5 badala ya 9. Liweke swali hilo katika jaribio lako la kwanza uhesabu wangapi watajibu 5.

Kazi yako ya kwanza, basi, ni kukusanya. Kwa muhula mmoja, kila unaposahihisha, andika jibu lisilo sahihi linalojirudia na kando yake uandike unavyodhani mtoto alifikiri, na usipojua, mwite umwambie: “Nieleze ulivyofanya.” Usimwambie kwamba amekosa, maana akijua amekosa ataacha kueleza na kuanza kubahatisha. Mada tatu au nne zinatosha kwa mwanzo. Mimi ningechagua kutoa kwa kukopa, thamani ya nafasi, desimali, na kujumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti, ambako utawakuta wanaojumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili kwa asili mpaka nusu na theluthi zinazaa mbili ya tano, ambayo ni ndogo kuliko ile nusu waliyoanza nayo.

Kazi ya pili ni kuyafanya makosa hayo yawe fomula, na chombo chake ni lahajedwali, kama Excel au LibreOffice Calc ambayo haina malipo. Kwa mfano ule wa kutoa, safu moja iwe na mamoja ya juu, yaani namba ya bahati nasibu kati ya 1 na 5. Safu ya pili tofauti ya mamoja, kati ya 1 na 4, ili tuikwepe ile 5 yenye matata. Safu ya tatu makumi ya juu, kati ya 5 na 9. Ya nne makumi ya chini, kati ya 1 na 3. Zote hutolewa na fomula ya RANDBETWEEN. Mamoja ya chini ni safu ya kwanza kuongeza ya pili. Baada ya hapo unatengeneza safu tatu za majibu. Tofauti ya makumi mara 10, kuongeza tofauti ya mamoja, ni jibu la anayegeuza. Tofauti ya makumi mara 10, kuongeza 10 kutoa tofauti ya mamoja, ni la anayesahau deni. Na ukipunguza 10 kutoka hilo la pili unapata jibu sahihi. Jaribu kwa 54 na 27 uone kama hazitoki 33, 37 na 27. Ukiburuta mstari huo kwenda chini mara 200 unazo hesabu 200, kila moja ikiwa na makosa yake mawili yaliyotabiriwa, na kila dawati linaweza kupata karatasi yenye namba zake, jambo ambalo kwa watoto wanaokaa watatu watatu si dogo.

Jihadhari na kitu kimoja hapo. RANDBETWEEN hubadilisha namba kila faili linapofunguliwa au seli yoyote inapobadilishwa. Mwaka wangu wa kwanza wa mambo haya nilichapisha karatasi za maswali jioni, nikafunga kompyuta, asubuhi nikafungua faili na kuchapisha majibu. Nilisahihisha karatasi 30 hivi nikishangaa darasa zima limepatwa na nini kabla sijagundua kwamba majibu yale yalikuwa ya maswali mengine kabisa. Nakili namba, uzibandike kama thamani tupu bila fomula, ndipo uchapishe.

Kuingiza majibu ya watoto ni mahali ambapo mipango mingi mizuri hufia. Maswali sita kwa watoto 84 ni majibu 504, na kuyaandika kwa kidole kwenye kishikwambi kunakula jioni nzima. Kwa hiyo ukishayajua makosa, yageuze kuwa chaguo A, B na C, kila herufi ikiwakilisha fikra moja, na uandike herufi tu. Ipo pia programu ya Plickers, ambayo humpa kila mtoto kadi ya karatasi yenye alama yake. Mtoto huigeuza ili herufi ya jibu lake iwe juu, nawe hupitisha kamera ya simu au kishikwambi juu ya darasa na kuona nani kajibu nini, bila watoto kuwa na kifaa chochote. Seti yake kubwa ya kadi huishia 63, kwa hiyo wewe utagawa mkondo mara mbili, na utahitaji bando. Katika kumbukumbu zako tumia namba ya mtoto ya kwenye mahudhurio badala ya jina. Kishikwambi hupita mikononi mwa wengi, na udhaifu wa mtoto katika kutoa si habari ya kila mtu.

Sasa utofautishaji wenyewe, yaani kumpa kila mtoto kazi kwa kadiri ya hitaji lake. Wengi wakisikia neno hilo hugawa darasa mafungu matatu, wazuri, wa kati na dhaifu, na mafungu hayo hukaa hivyo mpaka mwisho wa mwaka. Ukiyaita Simba, Twiga na Nyati, watoto wanajua kabla ya mapumziko ya saa nne ni lipi la kina nani. Wewe gawa kwa kosa na kwa mada. Aliye katika kundi la “ufupi” kwenye desimali anaweza kuwa mwalimu msaidizi kwenye kutoa, na kundi huvunjwa wiki mbili baadaye jaribio jipya likionyesha kwamba kosa limeondoka. Vipindi viwili vya dakika 40 kwa wiki vinatosha kwa makundi. Vingine endelea na darasa zima kama kawaida, kwa kuwa muhtasari wa somo nao haukungoji.

Kila kundi lipate kazi inayoligusa kosa lake. Kwa wanaosoma desimali kama namba nzima, kamba ya kupimia ya fundi cherehani inafundisha kuliko skrini: waambie wakate uzi wa mita 0.3 na mwingine wa mita 0.128, halafu wazilaze nyuzi hizo pamoja mezani. (Vitabu hupenda kutumia shilingi na senti kwa desimali, lakini mtoto wa leo hajawahi kuishika senti, na mfano wa kitu ambacho hakipo haumsaidii.) Baada ya uzi ndipo projekta iingie na GeoGebra, programu ya kuchora Hisabati, ambayo ni ya bure na hufanya kazi bila intaneti ikishapakuliwa: weka mstari wa namba kutoka 0 hadi 1, uukuze mpaka nafasi kati ya 0.1 na 0.2 ijae ukuta, nao waone 0.128 ikiwa imebanwa humo ndani. Mtoto aliyekwisha kubisha juu ya uzi huutazama mstari huo kwa macho mengine. Kwa wanaosahau deni hakuna haja ya projekta. Vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa mpira vinatosha, kwa sharti kwamba kila anapofungua fungu aseme mafungu mangapi yamebaki.

Wanaomaliza mapema wasipewe hesabu 20 zaidi za aina ileile, kwa kuwa hiyo ni adhabu, nao wanaijua. Wape kazi ya kutunga: watengeneze seti ya desimali tatu ambayo kila fikra potofu itajibu tofauti, kama ile ya 0.3, 0.45 na 0.128, kisha waijaribu kwa kundi jingine. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, na maswali mazuri watakayotunga yaingie katika hazina yako. Ukipata kifaa kidogo cha kurusha Wi-Fi, kompyuta mpakato ya shule inaweza kuendesha Kolibri, mfumo wa bure wa Learning Equality unaohifadhi masomo na mazoezi, pamoja na ya Khan Academy kwa Kiswahili, na kuyagawa kwa vifaa vilivyo karibu bila bando. Unayapakua mara moja mahali penye intaneti nzuri. Kwa kundi la mbele na simu tatu au nne za walimu, hilo ni darasa linalojiendesha kwa nusu saa.

Kabla ya kulitumia swali lolote kwa watoto 84, kaa na watoto sita, wawili wawili, walijibu huku wakieleza kwa sauti. Utagundua mambo ambayo huwezi kuyabuni ukiwa ofisini: neno “tofauti” ambalo mtoto analielewa kama kutofanana badala ya jibu la kutoa, au chaguo ambalo hakuna hata mmoja aliyelichagua, ambalo maana yake ni kwamba kosa ulilolitabiri halipo katika shule yako. Liondoe. Na ikitokea jibu usilolitegemea likajirudia kwa watoto watatu, shukuru, kwani umepata fikra mpya ya kuandikia safu. Usiogope kubaki na maswali 40 tu mwisho wa mwaka. Hazina ya maswali 40 ambayo kila jibu potofu limejulikana chanzo chake inamsaidia mwalimu kuliko maswali 4,000 yanayosema “umekosa, jaribu tena”.

Hapo sasa mwiteni yule kijana. Mtamkabidhi lahajedwali yenye maswali, fomula zake, makosa yaliyotabiriwa, na kazi inayofuata kwa kila kosa, naye ataona kwamba sehemu ngumu imekwisha. Katika makubaliano yenu andikeni kwamba programu itafanya kazi kikamilifu bila intaneti na kwenye simu ya Android ya bei ya chini yenye nafasi ndogo; kwamba lugha yake itakuwa Kiswahili, kwa istilahi za kiasi, asili na KDS (kigawe kidogo cha shirika) kama zilivyo katika vitabu vya Hisabati vya watoto; kwamba majibu ya watoto yatatoka humo kwa mfumo unaofunguka kwenye lahajedwali ileile; na kwamba wewe, na mwalimu atakayekuja baada yako, mtaweza kuongeza swali au kufuta lililooza bila kumpigia yeye simu. Sharti hilo la mwisho akilikataa, tafuteni mwingine.